Nani Atapokea Maziwa Nairobi

Mlolongo,
2 Juni 2020

Kwa Ruweida, mtoto wa dada yangu,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, nagaa tupu, amani tupu. Natumaini wewe ni mzima, mama yako Gumato ni mzima, na yule mbuzi wa jirani anayekula nguo zenu kwenye kamba naye ni mzima. Idi imenikuta hapa peke yangu. Nilipika wali nikautilia mafuta mengi ili nijidanganye kwamba ni sherehe.

Usishangae kuona barua. Simu yangu ilitumbukia kwenye zege. Nilikuwa nimeinama kuinua karai, ikaponyoka mfukoni, na kabla sijapiga kelele mwenzangu alikuwa ameshamwaga koleo jingine juu yake. Sasa iko ndani ya nguzo ya godauni. Hata hivyo simu haijawahi kunisaidia na mama yako. Nikimpigia ananisalimia mimi, anasalimia mgongo wangu, anasalimia watu ninaolala nao chumba kimoja, na anapofika kwenye mvua pesa za kuongea zimekwisha. Miaka yote hii sijapata habari hata moja ya maana kutoka kwa dada yangu.

Barua hii nampa Kaberia, yule Mmeru anayeleta mbuzi Nairobi kwa lori na kurudi Isiolo na unga. Watu wamefungiwa huku, hakuna kuingia wala kutoka, lakini mbuzi na unga wana ruhusa. Nilimwomba anifiche kati ya magunia. Akaniambia, "Waqo, polisi wakikanyaga gunia, unga haupigi kelele. Wewe je?"

Kazi ya mjengo inaendelea. Mgongo unauma, lakini huo ulianza kuuma kabla ya corona.

Sasa niambie ukweli wewe, maana umesoma na huna aibu ya wazee. Mama yako alikuwa akituma maziwa ya ngamia kwa basi kila asubuhi, na binamu yetu Sabdio anayapokea Eastleigh na kuyauza. Mabasi yamesimamishwa. Maziwa yanaenda wapi? Mara ya mwisho nilipomuuliza alinijibu nagaa.

Mjomba wako,
Waqo


Kiwanjani, Isiolo,
15 Juni 2020

Kwako Abuya Waqo,

Aleikum salaam, mjomba wangu. Tunakusalimu sote. Mama anasema nikuandikie kwamba ni mzima na kwamba ule chakula cha moto. Mbuzi wa jirani amekula barakoa yangu, kwa hiyo naye ni mzima kweli. Mvua ilikuwa nzuri na ngamia wa Leparua wana maziwa mengi, jambo ambalo mwaka mwingine lingekuwa furaha. Pole kwa simu, nilicheka kisha nikaona vibaya kwamba nimecheka.

Mjomba, nimepata kazi! Si ya kudumu. Kuna shirika linafanya utafiti kujua biashara ndogo ndogo zinavyojimudu wakati huu wa corona. Nimepewa tableti, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na chupa ya dawa ya mikono. Nazunguka kibanda hadi kibanda nikiuliza mauzo yamepanda, yamebaki vile vile au yameshuka, na mwenye biashara amechukua hatua gani. Msimamizi wetu anaitwa Mutea. Anasema majibu yetu ndiyo yatakayosomwa na watu wanaoamua ni nani asaidiwe.

Nilianza na wanawake wa maziwa kwa sababu ni wetu. Na wa kwanza kabisa alikuwa Mama. Nilifanya kila kitu kwa adabu.

"Nagaa?"

"Nagaa."

"Ngamia nagaa?"

"Nagaa."

"Biashara yako imeathirika vipi na corona?"

"Nagaa."

Nikabonyeza palipoandikwa "haijaathirika". Nikaenda kwa jirani yake, nagaa. Kwa yule mwingine, nagaa, alhamdulillahi. Safu nzima! Na mimi naona kwa macho yangu mitungi mitupu imeinamishwa na wanawake wamekaa wanafukuza nzi.

Mutea alisoma majibu akavua miwani. "Ruweida, hawa wanawake wako ndio peke yao duniani ambao corona imewaongezea afya?" Wenzangu wakacheka. Amenipa nafasi ya kurudia safu ya maziwa mwezi ujao, la sivyo itaandikwa hivyo hivyo.

Yale maziwa uliyouliza, kwa kweli sijui. Umuro, yule mfugaji wa Leparua, bado analeta kwa pikipiki kila alfajiri. Mama anayapokea, anatoka nayo, anarudi jioni na mitungi mitupu. Nikiuliza amemuuzia nani ananiambia niende nikaswali.

Wewe unamjua tangu utotoni. Nimuulizeje?

Mpwa wako,
Ruweida


Mlolongo,
29 Juni 2020

Kwa Ruweida,

Salaam nyingi. Barua yako imechelewa kwa sababu Kaberia alizuiwa njiani akisubiri majibu ya kipimo cha corona. Yeye ni mzima, nimemchungulia koo mwenyewe. Mimi pia ni mzima. Joto la Isiolo nalitamani, huku baridi inaingia hata kwenye meno.

Hongera kwa kazi. Nimewaonyesha wenzangu barua yako, hasa pale pa kitambulisho cha shingoni. Mmoja amesema ukipita huku uje utuulize na sisi, tutajaza hiyo tableti mpaka ilie.

Mimi niliacha shule darasa la sita na utafiti siujui. Lakini kosa lako naliona kutoka hapa. Umeuliza habari katikati ya salamu. Wewe umezaliwa mjini ndiyo maana umesahau. Mtu akitoka kijijini Biliqo na habari ya msiba, si bado ukimuuliza anakujibu nagaa? Nyumbani nagaa, watoto nagaa, mifugo nagaa. Anakaa. Anapewa chai. Salamu zinaisha zenyewe, hakuna anayezikata. Hapo ndipo mwenyeji anauliza, "Oduu?" Habari? Na hapo ndipo anasema kwamba fulani amekufa. Hakudanganya mwanzoni. Alikuwa anasalimiana.

Sasa wewe umesimama juu ya mama yako na mashine mkononi, umetia corona baada ya ngamia. Alikujibu nini kingine?

Kaa chini. Ifunike hiyo tableti. Ngoja mpaka yeye akuulize wewe oduu, kisha toa yako kwanza, tena iwe ya kweli na yenye uzito. Mtu hafungui mzigo wake mbele ya mtu aliyefunga wake.

Usimlazimishe lakini. Dada yangu ana kiburi, na si kiburi kibaya. Baba yenu alipofariki watu walitaka kumgawia chakula, yeye akanunua mtungi wa kwanza wa maziwa akaenda kusimama sokoni. Mimi nilikuwa na nguvu kuliko yeye na sikuwa na akili hiyo.

Huku kazi inaendelea vizuri. Godauni limefika kwenye paa.

Mjomba wako,
Waqo


Kiwanjani, Isiolo,
14 Julai 2020

Kwako Abuya Waqo,

Asalaam aleikum. Tumesikia Nairobi imefunguliwa, tukapiga vigelegele hapa Kiwanjani kana kwamba kuna arusi. Mabasi yameanza kidogo kidogo. Mama amepona kikohozi, ambacho hatukukuambia kwamba alikuwa nacho. Kilikuwa cha vumbi tu, tulipima.

Dawa yako ya oduu imefanya kazi lakini ni ya polepole. Siku nzima napata mtu mmoja au wawili, na ninakunywa chai mpaka tumbo linalia. Mutea ananiuliza kama shirika linalipia utafiti au linalipia wageni. Nikatoka kwa wanawake wetu nikaenda kwa Rahab, yule Mkikuyu anayeuza viatu vya mitumba karibu na soko. Nikaketi taratibu, nikaanza kumsalimia vizuri kama ulivyonifunza. Akanitazama. "Habari gani, habari gani, unataka nini? Ni ile ya corona? Andika! Andika nimekufa! Shule zimefungwa, nani atanunua viatu vya shule? Andika nauza mboga kwa mlango wa nyuma, na ukimwambia mwenye nyumba nitakukana!" Alimaliza maswali yote kabla sijaifunua tableti. Kwa hiyo, Mjomba, hiyo dawa ni ya kwetu tu.

Jana ndiyo ilikuwa zamu ya Mama. Tulikuwa tunafukiza mitungi ili maziwa yasichache upesi, moshi umejaa jikoni. Salamu zilikuwa zimeisha tangu asubuhi. Akaniuliza, "Oduu?" Nikampa yangu. Nilimwambia kwamba kazi hii ikiisha sina nyingine, kwamba ninaogopa chuo kikifunguliwa hatutaweza karo, na kwamba nimekuwa nikilia bafuni ili asisikie. Aligeuza mtungi juu ya moshi.

"Nasikiaga," akasema. Kisha akasema, "Mimi nauza chai."

"Chai gani?"

"Chai! Wewe hujui chai? Pale malori yanaposimama. Madereva wanangoja majibu ya corona siku nzima, wanaganda kama mawe. Nawapikia kwa maziwa ya Umuro. Wananiita Mama Stendi." Akatema mate pembeni. "Mimi Gumato, nilikuwa najaza nusu ya buti ya basi na mitungi yangu. Leo dereva ananiambia ongeza sukari."

"Mama, hiyo ni hatua nzuri sana. Hata kwenye tableti ipo."

"Andika chai. Usiandike ni mimi."

Ila chai haimalizi maziwa yote, Mjomba. Anachukua yote ya Umuro hata yale asiyoweza kuyauza, mengine yanachacha, mengine anawagawia majirani. Akimwambia Umuro mara moja tu "leo usilete", Umuro atatafuta mnunuzi mwingine, na huyo hatamwacha tena. Mama alikuwa akisubiri mabasi. Sasa mabasi yapo na Sabdio hayupo. Alikwenda kwao Merti kabla ya kufungwa, amejifungua, na amesema harudi Nairobi. Hakuna wa kupokea. Nafasi yake kwenye safu ya maziwa Eastleigh inashikiliwa na jirani yake, Istar, naye hatashikilia milele.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika pale pa godauni na paa, alicheka mpaka akamwaga majani ya chai. Sikuelewa anacheka nini. Aliniambia tu, "Kaberia anapenda chai yangu."

Mjomba, mimi nimetoa yangu na Mama ametoa yake. Oduu?

Mpwa wako,
Ruweida


Mlolongo,
3 Agosti 2020

Kwa Ruweida,

Salaam. Idi ya kuchinja imepita, nyama niliipata kwa majirani Wasomali, Mungu awalipe. Nimefurahi kwamba kikohozi kimekwisha. Siku nyingine mniambie kikiwa bado kipo.

Kaberia ana mdomo kama tenki lenye tundu. Amekunywa chai ya dada yangu tangu Aprili na kuniletea habari zake zote, nami nikajifanya sijui, hata nikakuuliza wewe, ili nisimwaibishe. Kumbe alikuwa akimpelekea zangu vile vile.

Basi pokea yangu. Mjengo ulifungwa Aprili. Tulifika asubuhi tukakuta kufuli na mlinzi aliyetuambia tusimkaribie. Nimevuta mkokoteni wa maji, nimebeba magunia, kuna wakati nimekaa tu kando ya barabara pamoja na wengine tukisubiri lori la mtu yeyote. Simu haimo kwenye nguzo. Iko kwenye duka la mtu hapa Mlolongo na sidhani nitaiona tena. Chumbani tulikuwa watatu, sasa tumezidi, na anayekohoa analala mlangoni. Sikutuma kitu nyumbani kwa sababu sikuwa na kitu. Nimechoka, Ruweida. Si uchovu wa kazi, huo naujua na unakwisha ukilala.

Na lile la mpokeaji nimelisoma. Hukuomba. Mama yako hakuomba. Nami nakataa.

Usikunje uso. Unajua vizuri kwetu mambo yalivyo. Mwanamume anakamua ngamia, amesimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, na hakuna anayemcheka. Anakamua, anakabidhi, anaondoka. Kutoka hapo maziwa ni ya wanawake. Kuketi kwenye kigoda barabarani na kuwapimia watu kwa kikombe, mimi mwenye ndevu, katikati ya shangazi na mama wakwe za watu! Siku hiyo hiyo ingefika Kiwanjani, siku ya pili Biliqo. Nimevuta maji, nimebeba saruji, nimezibua mitaro, na hakuna aliyenicheka. Niachieni hicho kimoja.

Mwambie mama yako chai si aibu. Mwambie ni mimi nimesema.

Mjomba wako,
Waqo


Kiwanjani, Isiolo,
24 Agosti 2020

Kwako Mjomba,

Asalaam aleikum. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu. Barua yako nilimsomea yote, hata ile sehemu ya ndevu. Hakucheka na hakukasirika. Aliuliza kama blanketi yako ile ya kijivu bado ipo.

Utafiti umekwisha, nimerudisha tableti leo. Mutea alisoma safu ya maziwa mara mbili na kusema sasa inaeleweka. Wakubwa wataipokea, watakaa nayo, labda mwakani kitu kitatoka. Hakuniahidi chochote, na nampenda kwa hilo.

Nikueleze swali la mwisho. Linasema, "Je, unatarajia biashara yako itakuwa bado ipo baada ya miezi mitatu?" Mama nilikuwa sijamuuliza, nilimwachia mwisho kabisa. Nilimuuliza juzi. Nilingoja aseme nagaa, nilitaka aseme nagaa. Hakusema. Alinyanyuka akaenda kuangalia moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Sikujua nibonyeze wapi.

Istar ametuma ujumbe kwamba mwisho wa mwezi nafasi ya Eastleigh anampa mwanamke mwingine. Na Mama amesema Ijumaa ataongea na Umuro.

Sikuombi. Ulisema hakuna aliyeomba, na bado hakuna. Nimetoa habari tu.

Mpwa wako,
Ruweida


Eastleigh, Nairobi,
12 Septemba 2020

Kwa Ruweida, mtoto wa dada yangu,

Salaam kwako na kwa wote. Mimi ni mzima na mikono yangu inanuka moshi. Blanketi ipo. Nimehamia huku, nalala stoo ya mtu anayeuza magodoro, na kwa mara ya kwanza nalala juu ya kitu laini, ingawa bado kina nailoni.

Najua mmeshasikia, lakini nataka uisikie kwangu, maana Kaberia ataongeza chumvi.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Sikulala. Kulipokucha nilimwambia Kaberia, akirudi Isiolo na unga, amwambie Mama Stendi maneno haya tu: "Usiongee na Umuro. Tuma maziwa, kuna mtu." Anasema mama yako hakuuliza ni mtu gani. Alimwongezea chai bila kumdai.

Siku ya kwanza nilifika kwenye safu kabla ya basi. Wanawake watupu, vigoda, mitungi, kelele. Nikasimama kando ya ukuta kama mtu anayesubiri hukumu. Mama mmoja mnene mwenye shuka la zambarau akaniita.

"Wewe mzee, unatafuta mke?"

"Natafuta Istar."

"Istar ni mimi na nina mume. Unataka nini?"

"Nimekuja kupokea maziwa ya Gumato wa Isiolo."

Mwingine akauliza, "Huyu ni nani?" Na Istar, bila hata kugeuka, akasema, "Ni Sabdio. Ameota ndevu."

Ruweida, walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda. Walichekea ndevu, wakachekea viatu vyangu vya mjengo, wakaniuliza nitanyonyesha saa ngapi. Masikio yaliwaka moto. Nilitaka kwenda zangu. Lakini basi likaingia, buti ikafunguliwa, nikaona mitungi ya dada yangu imefungwa kwa kitambaa cha ile kanga yake ya kijani. Ningeiacha hapo chini imwangalie nani? Nikaipanga, nikaketi.

Sikujua kupima. Nilijaza kikombe mpaka kikamwagika, Istar akanipiga mkononi. "Hapa si zege! Usijaze kama karai, utamfilisi huyo dada yako kabla ya saa sita!" Amenifundisha kuonja ili nijue yanayokaribia kuchacha, na yale nayatenga, kwa sababu wapo wanaoyataka hivyo hivyo, tena wanayagombania. Mama yako alikuwa akiyagawa bure huko, mwambie ayatume.

Mchana alikuja mzee mmoja Msomali na fimbo yake. Akaangalia maziwa, akaniangalia mimi.

"Haya yameshikwa na mwanamume?"

"Mzee, hata ngamia alishikwa na mwanamume."

Akafikiri. Akanusa mtungi, akafumba macho kidogo, akaniambia, "Huu moshi ni wa kwetu." Akanunua, na kesho yake akaja na mwanawe.

Sitakudanganya, bado ni aibu. Wapo vijana wa kwetu wanaopita hapa kwa makusudi wanitazame, na mmoja amenipiga picha. Itakuwa imefika Biliqo. Kuna siku maziwa yanabaki, watu hawana pesa na kafyu inatutimua mapema. Sijui kama miezi mitatu itafika. Lakini kwenye lile swali mlilokwama, kama Mutea bado anapokea majibu, mwambie abonyeze ndiyo. Ni mimi nimesema, na mimi ndiye niliyekalia kigoda.

Mwambie mama yako aongeze mitungi kuanzia Jumatatu. Asinishukuru, nitaona haya. Na asianze kunisalimia kupitia kwa Kaberia, lori lile lina safari nyingine.

Nakomea hapa. Safu nzima imegeuka inanitazama, na Istar anapaza sauti: "Sabdio! We Sabdio! Basi la Isiolo limeingia!"

Nami naitika.

Mjomba wako,
Waqo